Wakati wa Makofi

Siku ya hotuba ya hali ya nchi, wabunge walipiga makofi mengi kupita kiasi, na balaa lote lilianzia hapo. Laiti wangepiga machache, kama watu wenye kazi nyingine za kufanya, mkalimani asingepata nafasi ya kukosea.

Mkalimani ndiye yule mwanamke wa blauzi nyeusi anayekaa kwenye kona ya televisheni, ndani ya kiboksi kidogo, akichezesha mikono wakati wakubwa wanaongea. Watu wenye masikio hawana habari naye. Wengine hulalamika kwamba anaziba picha. Viziwi hawatazami kitu kingine. Kwao Rais ni mtu wa suti anayefungua na kufunga mdomo tu, na hotuba yenyewe inatoka kwenye mikono ya huyu mama. Wamempa jina lao, Dada wa Kona, na wakimkuta sokoni humsimamisha wamuulize maana ya hili na lile kana kwamba yeye ndiye aliyepanga bajeti.

Siku chache kabla ya hotuba walimpa nakala ajiandae, wakamwonya asimweleze mtu yeyote yaliyomo. Alisoma kurasa za mavuno, za amani na utulivu, za umeme, akipiga miayo. Akafika penye karakana ya mafundi viziwi. Iliandikwa kwamba karakana ile iliyofungwa itafunguliwa mwaka huu, na mafundi wake wote watarudishwa kazini. Aliisoma aya hiyo, akanyanyuka, akazunguka meza, akarudi kuisoma tena. Mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, kiziwi tangu utotoni, alikuwa mmoja wa mafundi hao.

Nyumbani alijikaza. Alimwambia mdogo wake kitu kimoja tu: siku ya hotuba omba ruhusa kazini, uangalie, usikose. Mdogo mtu akamuuliza kuna nini, naye akacheka, akamwambia we angalia tu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, ingawa wakati ule lilionekana mapenzi.

Basi siku ikafika. Rais alipomaliza mambo ya umeme, bunge zima likasimama kushangilia. Meza ziligongwa, watu wakapiga vigelegele, makofi hayakukoma. Rais akachukua bilauri ya maji akaanza kunywa taratibu, akitabasamu. Mkalimani mwenzake wa kupokezana alikuwa kwenye korido anakunywa chai. Yeye akabaki na mikono mitupu mbele ya kamera, na alijua ukurasa unaofuata unaanza na nini.

Mikono yake ikatangulia. Hii hutokea kwa watu wa kazi hiyo wakiwa wamesoma nakala mapema: unajua kinachokuja, unawahi. Alisema karakana inafunguliwa, mwaka huu, mafundi wote wanarudi, na uso wake unaotakiwa kutulia ukachanua wote. Alipomaliza, makofi bado yanaendelea. Rais akaweka bilauri chini, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili kwa mpigo na kuanza kuzungumzia barabara.

Kuna ishara ya kusema samahani, nimekosea, futeni hilo. Ni fupi, na yeye huitumia bila aibu akikosea tarakimu. Mikono ilifika kifuani kuitoa. Kisha akamfikiria mdogo wake amekaa sakafuni mbele ya televisheni, jinsi alivyo na furaha dakika hii, akashindwa. Akajiambia labda mzee ameruka tu, atairudia mbele. Akaendelea na barabara. Mzee hakuirudia.

*

Alipofika nyumbani jioni, mdogo wake alimpokea mlangoni. Huyu kazini kwake wanamwita Msasa, na sababu ni ya kuudhi. Kule karakana alikuwa akiunda kabati zima peke yake, na akikufungia mlango wa kabati haulii hata kidogo. Alikuwa akiupima kwa kuweka kiganja juu ya ubao. Karakana ilipofungwa aliajiriwa na tajiri mmoja wa fanicha ambaye hakumpa randa wala msumeno. Alimpa msasa, akamwambia kwa vidole, sugua. Akawa anasugua vitanda vilivyoungwa vibaya na watu wenye masikio mazuri.

Jioni hiyo Msasa hakuweza kutulia. Alimkumbatia dada yake, akamwachia ili apate mikono ya kusema, akamkumbatia tena. Alisema, "Kumbe ndiyo maana ulinificha! Uso wako ulikuwa unacheka kwenye televisheni, nimekuona." Dada mtu akacheka kidogo. Angeweza kumwambia palepale. Hakumwambia.

Mumewe, fundi wa mafriji, mtu wa maskhara lakini mwenye kichwa chake, alikuwa amesikiliza hotuba nzima kwenye redio huko kwenye kibanda chake. Walipokuwa mezani akauliza mbona yeye hilo la karakana halikumpitia sikioni. Mkewe akamjibu labda wakati huo alikuwa anagonga mabati. Mume akakubali, maana kweli huwa anagonga mabati. Wakaendelea kula. Msasa alikuwa anasema kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine, akimwagia mchuzi kitambaa cha meza, na hakuna aliyemgombeza.

Asubuhi yake Msasa alikwenda kwa tajiri wa fanicha akamrudishia msasa wake. Hakuuweka mezani tu. Aliufungia kwenye karatasi kama zawadi, akampa kwa mikono miwili na kuinama. Wafanyakazi wenzake walicheka mpaka tajiri akaona aibu. Kutoka hapo akaenda kuwapasha habari wenzake wa karakana, ambao siku ya hotuba hawakupata nafasi ya kuangalia. Mama Cherehani, mshonaji, alikuwa amekodi kibaraza mbele ya duka la vyombo. Kulikuwa na mtu na mkewe waliokuwa wakifua mashuka ya nyumba ya wageni. Wote walimuuliza swali moja: nani kasema? Naye akawajibu, Dada wa Kona. Hawakuuliza tena.

Mama Cherehani aliachia kibaraza. Kabla jua halijazama, mwenye duka alishampangisha muuza simu. Wale wawili wa mashuka waliaga, na msimamizi wa nyumba ya wageni akawaambia kwa maandishi kwamba wakitoka wametoka.

*

Mkalimani alikuwa akijipa matumaini kwa gazeti. Nakala yake waliichukua studio mara baada ya matangazo, lakini gazeti la serikali huchapisha hotuba yote, na kama aya ipo kwenye gazeti basi Rais ameisema kwa maandishi, na yeye hana kosa. Alilinunua, akalisomea chooni ili asionekane. Umeme ulikuwepo, makofi yaliandikwa kwenye mabano, kisha barabara. Karakana haikuwemo. Ama waliiondoa mapema bila kumwambia, ama waliiondoa baadaye. Kwake ilikuwa mamoja.

Akamfuata mumewe kibandani akamweleza yote, amesimama kati ya mafriji yaliyofunguliwa milango. Mume aliweka bisibisi chini. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Bado."

"Usimwambie. Ukimwambia yeye atawaambia wenzake, wao watalalamika, na malalamiko yatafika juu. Mkalimani aliyeongeza maneno kwenye hotuba ya Rais, unadhani watamwita kunywa soda?"

Alimkumbusha kwamba kodi ya nyumba inatoka kwenye ile kona ya televisheni, kwa sababu watu siku hizi friji likifa wanaligeuza kabati la vyombo. Akasema mambo ya serikali hupoa yenyewe. Shemeji yake ataonekana amechelewa kurudishwa kazini kama watu wengine wote wanavyocheleweshwa, siku zitapita, atatafuta pengine. Alisema hayo kwa upole, akimpenda mkewe, na aliona haya alipokuwa akiyasema. Mwanamke alisikiliza akijua kwamba alikuwa amekuja kuambiwa hivyohivyo, asingekwenda kwa mtu ambaye angemwambia vingine. Alirudi nyumbani na hatia yake nzima, haikupungua hata punje.

Lakini Msasa si mtu wa kungoja mambo yapoe. Alikwenda kuiangalia karakana akakuta imejazwa viti vibovu vya ofisi za serikali hadi darini. Akafagia kibaraza cha mbele, wenyewe wasije wakakuta uchafu. Kisha akaenda ofisi ya ustawi wa jamii na karatasi aliyoandika kwa mkono wake, akiuliza kazi inaanza lini. Makarani waliipitisha kutoka meza hadi meza. Mmoja akamwonyesha masikio yake, akamwonyesha ya Msasa, akatikisa kichwa, na wengine wakaangua kicheko. Haikuhitaji ukalimani: kiziwi umesikia wapi?

Alirudi amevimba kwa hasira. Alimweleza dada yake akaigiza kila karani, hata anavyokaa. Akasema, "Wao wana masikio, mimi nina macho. Nimeona kwa macho yangu. Kesho tunakwenda wote, wewe utakuwa mdomo wangu, tumwone mkubwa wao." Dada akasema ana kazi. Msasa akamjibu kazi gani inayozidi hii, ni wewe uliyesema. Akamuuliza, mbona umekuwa hivi? Unaumwa? Mkalimani akasema kichwa kinamgonga. Msasa akaenda kumchemshia maji ya kunywa na dawa, akakaa karibu yake mpaka dada akajifanya amelala.

*

Asubuhi dada alikosa kisingizio kingine, wakaenda wote. Ofisa ustawi, mkubwa wa makarani wale, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makamo aliyechoka, mwenye ofisi yenye feni isiyozunguka na mafaili yaliyorundikwa mpaka kwenye kiti cha wageni. Aliyaondoa mwenyewe ili wapate kukaa. Nje, langoni, Mama Cherehani na wale wawili wa mashuka walikuwa wamesimama wakingoja jibu.

Mkalimani alieleza utaratibu wake, kama anavyofanya kokote: kiziwi akisema "mimi", naye atasema "mimi"; ofisa amtazame kiziwi, asimtazame yeye; na kila kitakachosemwa humu ndani kitatafsiriwa, haongezi wala hapunguzi. Aliposema maneno ya mwisho alikohoa. Ofisa akadhani ana mafua.

Msasa alieleza shida yake kwa heshima. Alisema Rais ametamka mbele ya nchi nzima kwamba karakana inafunguliwa, na wao wameacha vibarua vyao, lakini ndani yamejaa viti vibovu. Anaomba kujua lini vitaondolewa. Hata yeye na wenzake wako tayari kuviondoa bure.

Ofisa akajikuna kichwa. Alisema hotuba aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho, ni lazima kwao kuisikiliza, na jambo hilo halikuwemo. Msasa akasema limo. Ofisa akasema halimo. Wakabishana hivyo kidogo kupitia mdomo na mikono ya mwanamke mmoja, yeye akitoa jasho, mpaka ofisa akaona njia rahisi. Akageuza kompyuta yake, akatafuta video ya hotuba, akasema bwana huyu amwonyeshe ni wapi.

Msasa aliipata haraka. Aliweka kidole kwenye kona ya kioo. Hapo. Dada yake yupo kwenye kiboksi chake, anasema karakana, mwaka huu, wote, na uso wake unacheka. Msasa akamgeukia ofisa kwa ushindi. Ofisa hakuelewa hata ishara moja.

"Mwambie asiangalie pale pembeni," alisema. "Aangalie hapa katikati. Mheshimiwa anafanya nini?"

Mkalimani alitafsiri. Msasa akaangalia katikati. Ofisa akairudisha video nyuma kidogo, akaicheza tena, kwa wema kabisa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kupata kitu kilichopotea.

Rais alikuwa anakunywa maji. Mdomo umo kwenye bilauri, koo linapanda na kushuka, na wabunge wamesimama. Kule pembeni mikono ya dada inakwenda. Kisha bilauri ikawekwa, kidole kikalambwa, na mdomo ndipo ukafunguka.

Msasa aliitazama mpaka mwisho. Halafu akamtazama dada yake. Mkalimani alikuwa ameikunja mikono juu ya tumbo, na uso alionao hakuwa na mahali pa kuuficha, maana huyu ni mtu aliyemsoma uso tangu wangali watoto. Feni haikuzunguka. Ofisa alikuwa anangoja akigongagonga kalamu.

Msasa akaanza kusema, polepole, akimtazama dada yake machoni. Ofisa akauliza anasemaje.

Angeweza kusema lolote. Humo ndani hakuna mwingine aliyejua lugha zote mbili. Angeweza kusema ni mimi niliyeongeza, lakini kwa utaratibu aliouweka yeye mwenyewe "mimi" iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Msasa, na ingembidi ausimamishe utaratibu, ajitaje, aseme, sasa ninaongea mwenyewe. Ni maneno machache sana. Aliyafikiria. Alifikiria na nyumba, na mumewe na mafriji yake, na watu wasiokuwa na mzaha wanaohoji.

"Nimekosea mimi," alisema. "Siku ile nilikuwa nasinzia, nikaelewa vibaya. Dada hakusema hivyo. Naomba radhi kwa usumbufu."

Yalikuwa ndiyo maneno ya Msasa, neno kwa neno.

Ofisa akacheka, akafarijika, akasema hotuba ile hata wao wenye masikio waliisinzilia. Alisema asijali, mambo ya kawaida, na nafasi za vibarua zikitokea atamkumbuka. Kisha akakodoa macho kwenye kompyuta, akamtazama mkalimani, akatazama tena kile kiboksi.

"Kumbe ni wewe? Nilikuwa najiuliza sura hii nimeiona wapi. Dada, hongera. Unafanya kazi nzuri sana kwa hawa wenzetu."

Kila kinachosemwa kinatafsiriwa. Aliinua mikono akamwambia mdogo wake, "Anasema nafanya kazi nzuri." Msasa akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akayarudisha mafaili kwenye kiti.

*

Kwenye korido, dada alimshika bega akamgeuza. Alikuwa analia, na mikono yake ilikuwa inagongana. Alisema atawaambia wenzake, sasa hivi, pale langoni, kila kitu, hawezi kulibeba. Alisema, "Niliwahi tu. Nilidhani atasema. Halafu nikaona ulivyofurahi."

Msasa aliiacha mikono ile imalize. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na aliishikilia kwa nguvu ili isimtoke mbele za makarani.

"Ulijua tangu siku ile," alisema.

"Nilijua."

"Wakati naurudisha msasa, ulijua."

"Nilijua."

Karani mmoja alipita na chai, akawakodolea macho kama watu wanaocheza ngoma. Msasa akangoja apite.

"Hutawaambia," alisema. "Mimi nitapata kazi nyingine ya kusugua. Ila ukiwaambia hili, mwaka kesho watamwangalia nani? Kuna mwingine kwenye kona?"

Hakuna mwingine, yule mwenzake wa kupokezana ni mgeni kwenye lugha, viziwi wanamwelewa nusu nusu. Mkalimani alisimama hapo akitamani agombezwe, apigwe hata kofi. Msasa alishageuka, anashuka ngazi.

Langoni Msasa aliwaeleza wenzake kwa ufupi. Alikosea, alikuwa na usingizi, hakuna karakana. Yule mwanaume wa mashuka alimsukuma kifua. Mkewe alimtukana kwa mikono yote miwili, matusi ambayo wapita njia hawakuyajua, na hiyo ni bahati. Akamwambia kwamba ametaka ukubwa, ametaka aonekane yeye ndiye mleta habari, sasa warudi wapi? Msasa alisimama akipokea, mikono mfukoni, na kiziwi aliyetia mikono mfukoni amefunga mdomo wake.

Mama Cherehani peke yake hakumgombeza. Alimkwepa, akamjia mkalimani, akasimama mbele yake kabisa, mama mtu mzima mwenye alama za sindano kwenye ncha za vidole.

"Niambie wewe, mwanangu," alisema. "Rais alisema, au hakusema?"

Mkalimani aliinua mikono. Juu ya bega la Mama Cherehani alimwona mdogo wake anamtazama. Hakumkataza, hakutikisa kichwa, alimtazama tu.

"Hakusema," mkalimani alisema.

Ilikuwa kweli tupu. Wale wa mashuka walitulia papo hapo. Likishasemwa na yeye, halina ubishi. Mama Cherehani alishusha pumzi, akaichukua ile mikono miwili akaiweka ndani ya yake, akaipapasa kwa shukrani. Kisha akaiachia ili apate kusema.

"Ndiyo maana sisi tunakutazama wewe," alisema. "Yeye hatumtazami."

Walisimama hapo kidogo wakipanga nani aende akambembeleze msimamizi wa nyumba ya wageni. Mkalimani akasema atakwenda nao akawasemee, nao wakamshukuru tena. Alipotazama barabarani, Msasa alikuwa amekwisha tangulia, anatembea upande wa kwenye maduka ya fanicha. Alimngoja ageuke ili amwambie neno. Hakugeuka, na kiziwi asipogeuka huna la kumwita.